Kwa Atupele, Anayekwenda Iringa Bila Simu

Uyole, Mbeya
Jumamosi jioni

Atupele mwanangu,

Salamu naziruka. Asubuhi umeniamkia, mchana umenigombeza kwa kuacha mabuti yenye tope mlangoni, na sasa hivi mama yako amekupeleka Ilomba kumuaga bibi. Nimebaki mimi, kalamu na mvua inayopiga bati. Barua hii utaikuta kwenye begi, chini ya sweta la shule, ukishafika. Najua utasema, "Baba naye, ameishia kidato cha pili, barua ndefu ya nini?" Tulia usome. Hapa Uyole kijana wa rika langu mwenye mwandiko kama huu hayupo, na kama yupo alete karatasi tushindane.

Mambo ya sabuni, ndala, ndoo yenye jina lako na kutogombana na watu bafuni, mama yako ameyasema mpaka paka wa jirani ameyakariri. Mimi siyarudii. Mimi nataka kujibu lile neno ulilonitupia juzi jikoni ukiwa unachambua maharage.

"Baba, kule bwenini simu hairuhusiwi."

"Safi," nikasema. "Hatimaye na mimi nitashika simu yangu."

"Jumatatu wanatupa mtihani wa hesabu. Ukishindwa hawakuingizi la tano, wanakurudisha la nne."

"Nani akurudishe wewe? Wanakujua baba yako?"

"Baba, hesabu zangu zote ziko kwenye simu yako."

Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukabeba ungo wako ukatoka nje, na mimi nikabaki na kicheko mdomoni kama mtu aliyemeza mfupa. Sasa jibu ninalo. Hesabu zako haziko kwenye simu yangu, na ushahidi upo. Ila ushahidi wenyewe unapita katikati ya aibu yangu, kwa hiyo vumilia. Sehemu nyingine ulikuwepo, nyingine ulikuwa darasani huku mimi naharibu.

Unakumbuka shangazi yako Tumpe alivyokuja kutoka Iringa likizo ya Juni mwaka jana. Alifungua daftari lako la hesabu, akaona wino mwekundu ulivyotapakaa, akachukua simu yangu bila hata kuomba, akakuwekea ule mchezo wa kobe anayepanda mlima. Ukipatia, kobe anapiga hatua na nyota inawaka. Ukikosea anaingiza kichwa ndani ya gamba na kusema, "Jaribu tena!" kwa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Acheze kidogo tu kila siku," Shangazi akasema. "Na acheze mwenyewe. Ambakisye, unanisikia? Mwenyewe."

"Kwani mimi mtoto?" nikamjibu.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Ulikuwa unakaa pale kwenye mkeka na punje za mahindi pembeni ya simu, unazigawa mafungu, unahesabu, ndipo unabonyeza. Kobe alikuwa anapanda pole pole. Mimi nikaona anachelewa. Unajua nisivyopenda kitu cha kuchelewa.

Shida ni kwamba simu ni yangu, na mchana inakuwa na mimi sokoni. Kazi yangu unaijua, nashona lumbesa. Gunia likishajaa, mimi nalivisha wavu juu, viazi vingine vinarundikwa mpaka linatoa kichwa kama mwanamke aliyefunga kilemba cha harusi, nami nalipiga kamba lisimwage hata kimoja mpaka Dar es Salaam. Serikali hailitaki gunia la namna hiyo, najua, usianze kunihubiria. Lakini kabla malori ya fuso hayajafika hakuna kazi, tunakaa tu juu ya magunia. Siku moja nikasema ngoja nimwone huyu kobe anasumbua nini.

Swali la kwanza: mkulima ana magunia matatu ya viazi, gunia moja lina kilo mia moja, jumla ni kilo ngapi?

Nikacheka mpaka Masanja akasogea. Masanja yule Msukuma wa Chimala anayeleta mchele, anayekuitaga mchumba wakati ng'ombe za kukutolea hana.

"Mbona unacheka peke yako, Mnyakyusa?"

"Huyu kobe anasema gunia la viazi lina kilo mia. Ameliona wapi?"

"Wamesema mia. Andika mia tatu tupumzike."

"Masanja, wewe ni mtu wa mpunga na ng'ombe. Viazi niachie mwenyewe. Gunia nililolishona mimi halijawahi kuwa kilo mia tangu nizaliwe."

Nikaandika mia tatu na tisini. Kobe akaingiza kichwa. Nikaona pengine nimelionea gunia, nikaandika mia nne na ishirini. Kichwa ndani. Vijana wote wa kupakia wakajaa, kila mmoja anataja uzito wake, tunabishana na kobe kama tunabishana na mnunuzi. Likaja swali la nusu kujumlisha theluthi, nikajibu mbili ya tano kwa kujiamini kabisa. Kichwa ndani. Baada ya hapo, mwanangu, maswali yakaanza kulainika. Nane toa tatu. Tano ongeza nne. Nikawa napiga tu, nyota zinawaka.

"Mmeona?" nikawaambia. "Ameniogopa. Amejua leo amekutana na nani."

Sikujua kwamba mchezo ule unampima mchezaji. Akikosea sana unamshusha, akipatia unampandisha. Na mimi nilikuwa nacheza kwa jina lako. Wiki nyingi nikawa kila siku napigana na yule kobe asubuhi, ananishusha hadi chini ya mlima, na jioni nakupa simu wewe. Wewe unakuta ishirini toa sita, unazimaliza kama karanga. Nyota, nyota, nyota. Nami napiga picha ya skrini, naweka stetasi: "Binti yangu huyu, kafuata akili ya baba yake." Watu wananipa hongera, naitikia "ndaga fijo", asanteni sana, kama nimechaguliwa diwani.

Ukaja mtihani wa katikati ya muhula. Uliporudi hukupita mlangoni kwa kelele kama kawaida yako. Ulikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, na karatasi ikiwa imekunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Ulishika mkia darasani. Ukaniambia, "Baba, mimi ndiye mwenye nyota nyingi kuliko wenzangu wote waliowekewa kobe. Kwa nini?"

Ungekuwa na baba mwenye akili, angekaa chini afikirie. Mimi nilikoga, nikavaa shati la Krismasi, nikaenda shule kugombana na mwalimu wako wa hesabu. Hii hukuisikia, ulikuwa umekaa darasani mstari wa nyuma ukiomba ardhi ipasuke. Nilimwekea simu mezani.

"Mwalimu, hebu ona nyota hizi. Halafu nieleze ulisahihisha kwa kalamu gani."

Akaishika, akaangalia kwa utulivu, akapitisha kidole mara moja, mara mbili.

"Baba Atupele, hizi ni hesabu za darasa la pili."

"La pili?"

"La pili mwanzoni."

"Lakini zipo nyingi," nikasema.

Naye, Mungu ambariki, hakucheka. Aliniambia tu kwamba mtoto anayepata vyote labda hapewi kinachomfaa, akanirudishia simu yangu. Nilitembea kutoka pale hadi nyumbani nikiwa mdogo kuliko hilo shati.

Jioni tukampigia Shangazi, simu ikiwa kwenye spika. Akasema humo ndani kuna ukurasa wa mzazi, unaonyesha mtoto alicheza lini na alikosea nini. Mama yako akaufungua, akawa anasoma kwa sauti kama anasoma matangazo kanisani.

"Jumanne, saa nne asubuhi. Jumatano, saa nne na nusu asubuhi. Baba Atu, saa nne asubuhi mtoto yuko darasani. Nani alikuwa anacheza?"

Nikainama kutafuta ndala zangu. Nazo zilikuwa miguuni.

"Na huyu mtu," mama yako akaendelea, "aliyeulizwa magunia matatu akajibu mia nne na ishirini..."

Kutoka Iringa nikasikia Shangazi anacheka mpaka anakohoa. Mama yako akaegemea ukuta. Mimi mwenyewe nikaanza kucheka, maana nikikabwa huwa nachekesha, ndiyo kinga yangu. Wewe peke yako hukucheka. Ukauliza, "Kwa hiyo baba, mimi ni mjinga au si mjinga?"

Mwanangu, nimebeba magunia mazito kuliko mimi, sijawahi kubeba kitu kama swali lile. Nikakwambia neno pekee la maana nililosema mwaka jana: "Hatujui bado, mama. Aliyekuwa anapimwa ni mimi."

Hapo ndipo nilipoanza kukaa nawe kwenye mkeka kweli kweli. Ulianza upya kutoka pale chini nilipokuwa nimekushusha, na sheria akaiweka mama yako: simu inalala kifudifudi, unasema kwanza umefikaje kwenye jibu, ndipo unaigeuza na kubonyeza. Uliichukia sheria ile. Kabla yake ulikuwa umeshagundua kwamba maswali mengine kobe anakupa majibu manne na hana fimbo, kwa hiyo unabonyeza hili, lile, lile, mpaka moja linaingia. Mama yako alidhani una haraka. Mimi nilikujua palepale, maana ulikuwa mimi mtupu.

Nikueleze jinsi nilivyosoma, maana huwa nakueleza tu jinsi nilivyocheza mpira. Nilikuwa napaza sauti kwanza na kufikiri baadaye. Mwalimu akiuliza, narusha jibu lolote, darasa linacheka, nami nacheka nao, swali linahamia kwa mwingine. Niligundua mapema kwamba mtoto anayechekesha haulizwi mara ya pili. Niliona nimewapiga chenga walimu wote. Kumbe kila swali nililolikwepa lilikuwa linanisubiri huko mbele, na nilipofika kidato cha pili yakawa mengi, nikayakimbilia sokoni. Sina kinyongo na soko, limetulea wote watatu. Ila lile la nusu na theluthi lilinifuata hadi huko, likanikuta juu ya gunia mbele ya Masanja.

Na wewe ndiye uliyenitoa. Sikia vizuri hapa, ndio ushahidi wenyewe.

Ilikuwa siku tuliyokwenda kumpandia bibi viazi nyuma ya nyumba yake. Wewe ulikuwa unapenda kunichokoza, ukasema, "Baba, nusu ongeza theluthi."

"Mbili ya tano," nikasema, jembe mkononi, bila aibu.

"Baba! Hesabu matuta ya bibi."

"Sita."

"Nusu ya matuta ni mangapi?"

"Matatu."

"Theluthi?"

Nikasimama. Nikayagawa kwa macho mara tatu. "Mawili."

"Haya, tukipanda nusu, halafu tukapanda theluthi, tumepanda mangapi?"

"Matano."

"Kati ya?"

"Sita," nikasema. "Tano ya sita. Atupele! Mbona hawakunionyesha matuta?"

Bibi akauliza kwa Kinyakyusa kama nimeumwa na nyoka, jinsi nilivyopiga kelele. Sasa niambie, mwanangu, simu ilikuwa wapi siku ile? Ilikuwa mfukoni mwangu, imekwisha chaji tangu asubuhi, imezima kama jiwe. Hukuwa na kobe, hukuwa na nyota, hukuwa na majibu manne ya kuchagua. Ulikuwa na matuta na kichwa chako, na ulimfundisha mtu mzima kitu ambacho walimu watatu walishindwa kumwingizia. Ukitaka kujua hesabu zako ziko wapi, ziko hapo ulipozitoa siku ile.

Simu sijaidharau. Kobe alikufanyisha mazoezi mengi ambayo mimi nisingeweza, sina uvumilivu huo, na alikuwa anarudia swali lilelile bila kukuita mzembe. Alikuwa kama watu wanaomtembeza mtoto kwa kumshika mkono. Lakini aliyekuwa anatembea ni wewe.

Kwa hiyo Jumatatu. Karatasi ikisema gunia lina kilo mia, lina kilo mia. Usiniletee Uyole kwenye mtihani wa watu. Mimi nilibishana na swali kwa sababu nilitaka lijue ninachokijua, halikuwa na haja hiyo. Kwanza jua linataka nini. Na ukikosea, karatasi haitaingiza kichwa ndani wala kukwambia chochote, itakuangalia tu. Hapo ujiambie mwenyewe "jaribu tena", kwa sauti ya mafua ukipenda, ila kimoyomoyo wasikutoe nje. Usiangalie jirani amefika wapi. Watakuwepo watoto wanaoandika haraka mpaka kalamu inatoa moshi. Baba yako alikuwa mmoja wao.

Ukiwa huna punje, chora. Ukiwa huna nafasi ya kuchora, tumia vidole, na atakayekucheka mwambie unatoka Mbeya, vidole vyetu vimelima.

Na kama wakikurudisha la nne? Najua ndilo linalokuamsha. Hawatakurudisha. Naongea kama mtu aliyekaa na wewe kwenye mkeka miezi yote hii, sio kama yule wa stetasi. Lakini tuseme wamekosea wakakurudisha. Basi utakuwa umewekwa ngazi ya chini, na mimi nimeshakuona ukianzia ngazi ya chini niliyokushushia mwenyewe kwa mikono yangu. Ulilia siku moja. Ya pili ulikuwa umeshaanza kupanda. Shangazi yupo hapo hapo Iringa, Kihesa, Jumapili za kutembelewa atakuja, na yeye hajui kukata tamaa na mtu, ndiyo maana bado anaongea na mimi.

Sasa nije kwenye lile la leo mchana.

Nilikupa simu nikisema, "Haya, cheza mara ya mwisho, umalizie kilele." Kilibaki kidogo kobe afike juu, na mimi nilishaandaa maneno ya stetasi. Ukaishika, vidole vikawa vinatafuta kitu. Ukanionyesha. Mchezo ulikuwa unauliza kama una hakika unataka kufuta jina lako na nyota zako zote.

"Usifute!" nikaruka. "Unajua nyota hizo ni ngapi?"

"Baba, nyingine ni zako."

"Sasa si zimeshachanganyika? Chukua zote, nakupa."

"Sizitaki. Nataka kwenda na zile ninazozijua."

Ukabonyeza. Kobe, mlima, vyote vikapotea kwenye kioo, ikabaki ile nafasi nyeupe inayosema andika jina la mchezaji. Ukanirudishia simu yangu, ukaenda kumalizia kufunga begi, tena ukiimba. Juzi ulikuwa unaogopa kuiacha simu, leo umeiacha kabla haijakuacha. Nilitaka kukwambia kitu, nikakuuliza tu kama umeweka mswaki.

Basi nikwambie nilichofanya ulipotoka na mama yako, na ole wako umwambie Masanja ukija likizo. Ile nafasi nyeupe iliniangalia sana. Nikaandika: Ambakisye. Kikaja kisanduku cha umri. Nimetafuta wangu, haupo, wameishia miaka kumi na miwili. Nikafikiria kudanganya niwe na kumi na miwili nionekane mkubwa. Kisha nikajiandikisha miaka saba, umri wa kuanza la kwanza.

Simu nimeilaza kifudifudi hapa mezani. Swali lililopo ni thelathini na nne ongeza kumi na nane, na jibu ninalo, nimelichora pembeni ya barua hii kama unavyoona. Nikishaweka jina langu hapa chini nitaigeuza nibonyeze. Ukija Desemba nitakuwa nimefika la tano, nakuapia, kwa hiyo soma kwa bidii, usije ukakuta nimekaa kwenye dawati lako.

Ni mimi baba yako,
Ambakisye, miaka saba